Fremu ya vioo viwili ya SMLE na darubini ya prizimu ya 1913: nitofautishe vipi ya kweli na ya kubuni?

MkaaHandaki

Wakuu, salaam. Vinauzwa vitu viwili kwa mkupuo mmoja, nahitaji macho ya wanaovijua kabla hela haijatoka.

Cha kwanza ni fremu ya mbao ya kulengea ukiwa umejificha (periskopu ya bunduki), ya SMLE Mk III, ile bunduki ya jeshi la Uingereza ya Vita Kuu ya Kwanza. Vioo viwili: kimoja juu nyuma ya kitako, kingine chini mbele ya uso wa mpigaji. Kutoka katikati ya kioo hadi katikati ya kingine ni sentimita 46. Kila kioo kina upana wa sentimita 6. Waya unatoka kwenye triga mpaka kwenye kishikio cha chini. Kioo cha juu kina ufa, cha chini ni kizima na safi. Skrubu nyingi ni za bisibisi bapa, ila mbili kwenye bawaba ni za nyota. Ubavuni mbao imepigwa mhuri wa mshale mpana wa jeshi la Uingereza. Muuzaji anasema "Gallipoli, 1915" na ana kikaratasi kilichobandikwa ndani chenye maneno hayo.

Cha pili ni darubini ya prizimu ya Warner & Swasey, imeandikwa Model of 1913. Picha ina unjano na utando ukingoni, na ukiangalia nguzo ya umeme inaonekana imeinama kidogo. Mpira wa kuegeshea jicho umekuwa mgumu kama gamba la kobe. Mkoba wake wa ngozi upo.

Maswali: hiyo fremu niithibitishe vipi bila kuiharibu? Vioo nivibadilishe ili ifanye kazi? Hiyo darubini ifunguliwe au iachwe? Nawasilisha.

Nyuzi45

Mkuu, anza na mhuri, kwa sababu ndio unaonitia shaka kuliko hata skrubu za nyota.

Fremu za Gallipoli, ile rasi ya Uturuki walikopigana Waaustralia 1915, hazikutoka kiwandani. Zilibuniwa palepale Anzac, eneo la ufukweni waliloshikilia, mwezi Mei 1915 na Beech wa Batalioni ya 2 ya Australia, mtu wa kazi za ujenzi. Meja Blamey alipoiona akamtoa mstari wa mbele akazitengeneze, na karakana ikawekwa ufukweni. Mbao zilikuwa za masanduku na mabaki, vioo vikatafutwa mpaka kwenye meli zilizotia nanga. Kitu cha namna hiyo hakipiti kwa mkaguzi wa ghala akakigonga mhuri. Fremu ya handakini yenye mshale mpana uliopigwa kwa unadhifu ni kama mkeka wa kusukwa nyumbani wenye lebo ya kiwanda. Inawezekana mbao yenyewe ilitoka kwenye sanduku la jeshi lililokuwa na mhuri tayari, lakini hapo utaona mhuri umekatwa na msumeno, umepinda upande, au umepitiwa na tundu la skrubu. Mhuri ulio katikati ya ubavu, wima, unaosomeka vizuri, umepigwa kwa ajili ya mnunuzi.

Uangalie kwa lenzi ya kukuza mara 10. Nyuzi za mbao zilizokandamizwa miaka mingi iliyopita huwa zimejaa uchafu mpaka kwenye kona za mshale, na kingo zimelainika sawa na uso wa mbao ulio jirani. Ukiona kingo kali na sakafu ya mhuri ina rangi nyeupe kuliko pembeni, umeshapata jibu.

Sasa vioo, maana hapa watu wengi wanakosea. Wanaona vioo havikai sambamba kabisa wanasema "hii haiwezi kulenga, ni feki". Si kweli. Kwenye fremu hii jicho linatazama vilengeo vya bunduki yenyewe kupitia vioo. Kilengeo cha nyuma, cha mbele na shabaha vyote vinapita njia moja. Kioo kikiinama nyuzi 1, mwanga unageuka nyuzi 2, lakini picha yote inahama pamoja: vilengeo vikishakaa sawa na shabaha, vimekaa sawa. Ndiyo maana vipande vya vioo vya kunyolea ndevu vilitosha. Ingekuwa msalaba wa kulengea uko ndani ya periskopu, kosa la nyuzi 1 lingekupeleka zaidi ya mita 3 pembeni kwa umbali wa mita 100.

Kinachobana ni uwanja wa kuona. Jicho likiwa sentimita 10 kutoka kioo cha chini, jumlisha 46 zako, njia mpaka kioo cha juu ni sentimita 56. Kioo cha sentimita 6 kwa umbali huo kinakupa nyuzi 6 hivi, yaani upana wa kama mita 10 kwa yadi 100. Kwa vipimo hivyo fremu yako ingefanya kazi. Urefu wa kioo nao upime: kikiinamishwa nyuzi 45 lazima kiwe kirefu mara 1.4 ya upana wake ili picha iwe mraba. Kikiwa sentimita 6 kwa 6, mtengenezaji hakuwahi kukitazamia, au alichukua kilichopatikana. Peke yake hakithibitishi kitu.

MbaoKavu

Naungana na Nyuzi45 kuhusu mhuri. Mimi niongelee mbao na chuma.

Skrubu za nyota zilianza kuingia viwandani miaka ya 1930. Kwa hiyo hizo mbili hazikuwepo 1915, hilo halina mjadala. Lakini skrubu mbili mpya kwenye bawaba zinaweza kuwa matengenezo ya miaka ya baadaye, fremu ikabaki ya kweli. Toa moja ya nyota na moja ya bapa, ulinganishe matundu.

Kabla ya kutoa: tumia bisibisi ambayo ncha yake imejaza mfereji wote wa skrubu, si ncha ya kabari inayoteleza na kukwangua kichwa. Kama imeshika, usilazimishe. Ncha ya chuma cha kulehemu risasi igusishwe kwenye kichwa kwa sekunde 20, iache ipoe, jaribu tena. Mafuta ya kulainisha kutu usimwage, yatazama kwenye mbao na kuacha doa la kudumu.

Ukishatoa, angalia mambo matatu. Kwanza, chini ya kichwa cha skrubu ya zamani panakuwa na duara la rangi iliyofifia kidogo, na kuzunguka tundu kuna weusi. Weusi huo ni chuma kilichokutana na tanini ya mbao na unyevu, unahitaji miaka na unaingia ndani ya nyuzi. Pili, tundu la skrubu ya nyota: kama ndani yake kuna njia ya uzi wa skrubu nyingine nene au nyembamba, ilibadilishwa. Kama kuna njia moja tu na mbao ndani ni nyeupe kama imekatwa jana, bawaba imewekwa jana. Tatu, na hili ndilo linalowaumbua wengi: rangi ya uzee ndani ya tundu. Mbao inazeeka pale inapofikiwa na mwanga, hewa na mikono. Ndani ya tundu haiwezi kuwa kahawia sawasawa na nje. Ukikuta kahawia iliyoshuka mpaka chini ya tundu, mtu alichovya au kupaka permanganeti au rangi ya viatu baada ya kutoboa.

Uchakavu nao uwe na sababu. SMLE kwenye fremu ya aina hii ilibidi ishushwe ili bolti ivutwe, kisha ipandishwe tena juu ya ukingo wa handaki. Kwa hiyo mikwaruzo itafutwe upande wa mbele wa miguu ya fremu, pale inaposugua magunia ya mchanga, na pale mkono unaposhika wakati wa kushusha. Fremu iliyochakaa pembe zote nne kwa usawa imepigwa msasa.

Kikaratasi: kiangalie gizani kwa taa ya urujuanimno ya nanomita 365. Karatasi ikiwaka buluu-nyeupe kama shati lililofuliwa kwa sabuni ya unga, ina kemikali za kung'arisha zilizoanza kutumika kwenye karatasi baada ya Vita Kuu ya Pili. Karatasi isiyowaka haithibitishi kwamba ni ya 1915, maana karatasi kuukuu zisizo na maandishi zinapatikana kwenye vitabu vya hesabu vya zamani.

MkaaHandaki

Asanteni sana. Nimepata nafasi ya kuikagua kwa saa nzima. Mhuri: kingo kali, sakafu nyeupe. Kikaratasi: kinawaka buluu. Tundu la skrubu ya nyota lina njia mbili za uzi, na kuna weusi ndani. Skrubu bapa zote zina duara la weusi. Ndani ya matundu mbao ni nyeupe-manjano, si kahawia. Miguu imechubuka mbele tu.

Vioo: kwa taa ya nanomita 254 kioo cha chini kinatoa mng'ao wa maziwa upande wa mbele. Cha juu chenye ufa hakitoi kitu. Ina maana cha juu ni cha zamani?

Nyuzi45

Cha chini ni kioo cha kisasa kilichomwagwa juu ya bati iliyoyeyuka, njia ambayo Pilkington aliitangaza 1959. Upande uliogusa bati ndio unaowaka kwa 254. Hicho kimewekwa baada ya hapo, hakuna namna nyingine.

Cha juu usikihukumu haraka. Mwanga wa 254 haupenyi kioo, kwa hiyo unaona uso wa mbele tu. Kama upande wa bati uko nyuma chini ya rangi ya fedha, hutauona ng'o. Tafuta sehemu ya nyuma ambapo fedha imebanduka yenyewe umulike hapo, usikwangue. Kisha fanya majaribio haya mawili:

Gusisha ncha ya penseli kwenye kioo. Kukiwa na pengo kati ya ncha na taswira yake, fedha iko nyuma ya kioo, kama inavyotakiwa kwa kioo cha ndevu cha wakati ule. Ncha na taswira zikigusana, ni kioo kilichopakwa alumini usoni, na upakaji wa alumini kwenye ombwe ni kazi ya miaka ya 1930 kuja mbele.

Halafu simama mita 3 kutoka dirishani, tazama taswira ya fremu ya dirisha kwenye kioo na usogeze kichwa taratibu. Mstari ukitembea kama nyoka, ni kioo cha zamani cha kuvutwa. Usipotembea usikate tamaa, kwa sababu vioo bora vya enzi hizo vilisagwa na kung'arishwa mpaka vikawa bapa kabisa.

Na uvae miwani ya kuzuia urujuanimno unapotumia 254, inaunguza macho bila wewe kuhisi mpaka usiku.

MbaoKavu

Kwa hayo majibu, mtazamo wangu: fremu ni ya zamani na imetumika, bawaba imetengenezwa upya, kioo kimoja ni cha kisasa. Mhuri na kikaratasi vimeongezwa na mtu aliyetaka kuipandisha hadhi. Tatizo ni kwamba fremu ya zamani si lazima iwe ya Gallipoli. Periskopu za bunduki zilitengenezwa pande nyingi: Wajerumani, Wafaransa na Waingereza walikuwa na za kwao, Wamarekani walikuwa na Cameron-Yaggi ya bunduki yao ya Springfield M1903, na hyposcope ya Youlten (nayo ni periskopu ya bunduki) ilikuwepo Uingereza miaka kadhaa kabla ya vita. Hizo zenye wabunifu wanaojulikana zina chuma na majina, zinatambulika. Fremu ya mbao tupu bila karatasi za umiliki inaitwa "fremu ya mbao ya SMLE, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza", basi. Ilipie kwa jina hilo. Linganisha umbo lake na picha za Anzac zilizohifadhiwa Australian War Memorial kule Canberra, hasa namna kitako kilivyofungwa. Kufanana ni hoja, haijawa hati.

LenziMbili

Nimesoma uzi wote. Kioo cha chini ni cha kisasa tayari, si angalau hicho akitoe aweke cha alumini usoni? Picha itakuwa safi zaidi, hakuna kivuli cha pili.

Nyuzi45

LenziMbili, kivuli cha pili ndicho walichokiona wao. Kwa kioo cha fedha nyuma kilichoinama nyuzi 45, taswira hafifu ya uso wa mbele inakaa pembeni kwa robo tatu ya unene wa kioo. Kioo cha milimita 4, kivuli kiko milimita 3. Mtu akitaka kuelewa wapigaji wale walikuwa wanaona nini, hapo ndipo pa kuanzia. Ukiweka alumini usoni unaonyesha kifaa ambacho hakikuwepo.

Cha chini kibadilishwe tu kama kinataka kudondoka, kwa kioo cha fedha nyuma chenye unene uleule, na nyuma yake iandikwe kwa kalamu isiyofutika tarehe ya kubadilisha. Kilichotoka kihifadhiwe kwenye bahasha pamoja na fremu. Cha juu chenye ufa hakiguswi. Ufa ukiendelea kutembea, weka utepe wa karatasi ya Kijapani nyuma kwa gundi ya wanga, upande wa rangi.

FundiShabaha

Nije kwenye Warner & Swasey, maana imesahaulika.

Kwanza tuelewane: hiyo si periskopu. Ni darubini ya prizimu mbili za Porro (vipande vya kioo vya pembetatu vinavyogeuza picha ikae wima), ukuzaji mara 5.2 (mtangulizi wake wa 1908 ulikuwa mara 6). Wauzaji wanaiita periskopu kwa sababu lenzi ya mbele na ya jicho haziko mstari mmoja. Vilevile msidanganywe na periskopu za mkononi za mahandaki, kama ile ya bomba ya R. & J. Beck No. 9 Mk II au Lifeguard ya bati inayokunjwa, zinazouzwa kwa jina la "kilengeo cha bunduki". Hazifungwi kwenye bunduki.

Nguzo kuonekana imeinama: prizimu moja imezunguka kwenye kiti chake. Prizimu hizo mbili lazima zikae nyuzi 90 moja kwa nyingine, na kosa linazidishwa mara mbili. Nguzo ikiinama nyuzi 2, prizimu imehama nyuzi 1. Sababu ni mishtuko: kitu cha takribani kilo 1 kimening'inizwa ubavu wa kushoto wa bunduki, kila risasi inakisukuma. Kipande kinachoshika prizimu kinalegea, na reli ya pembeni nayo inapata mchezo.

Unjano na utando ukingoni: lenzi za mbele zimegandishwa kwa zeri ya Kanada, utomvu wa mti uliotumika kama gundi ya lenzi. Ikikauka inakuwa njano, halafu inaachia kuanzia ukingoni kuelekea katikati. Ukiona rangi za upinde wa mvua kama mafuta juu ya maji, imeachia tayari. Ukiona nyuzinyuzi kama mizizi, huo ni ukungu unaoishi, na hilo ni jambo jingine.

Ushauri wangu ni kutofungua. Gundi iliyoachia ukingoni kwa milimita 3 au 4 haipunguzi thamani kama skrubu zilizokwanguliwa. Ifunguliwe kama kuna ukungu hai tu, maana huo unatoa asidi na kuchora kioo moja kwa moja. Ikifunguliwa: chora alama ya sindano kwenye kila pete na mwili wake kabla ya kuizungusha, piga picha kila hatua, na prizimu ziwekewe alama ya penseli kwenye upande usiong'arishwa ijulikane zilikotoka na zilivyoelekea. Asiyefanya hivyo atatumia wiki nzima kurudisha picha moja.

Lenzi za gundi zisitenganishwe kwenye jiko la nyumbani. Zeri inalainika kwa joto, kweli, lakini kioo cha aina mbili kinatanuka tofauti. Joto likipanda au kushuka haraka kimoja kinapasuka katikati. Wanaofanya kazi hii wanapandisha joto kwa saa kadhaa na kulishusha polepole zaidi.

Angalia pia rangi ya mng'ao kwenye lenzi chini ya taa. Mng'ao mweupe tu ndio sahihi. Ukiona zambarau au buluu, lenzi imebadilishwa, kwa sababu tabaka la kupunguza mng'ao lilibuniwa Zeiss mwaka 1935.

Kwa nje: puliza vumbi kwa puto la mpira, brashi laini ya nywele, halafu pamba iliyoloweshwa maji yaliyotoneshwa yenye tone la sabuni isiyo na chumvi. Spiriti isiguse mwili, kuna rangi za zamani zinazoyeyuka nayo. Shaba ya njano isisuguliwe kwa dawa ya kung'arisha yenye amonia, inapasua shaba iliyokunjwa.

Mpira wa kuegeshea jicho uache. Ukiubinya unavunjika vipande. Kama unataka uonekane mzima, tafuta nakala uiweke kando, wa asili ubaki mahali pake.

Na uliza kitu kimoja ambacho hukutaja: msingi wa kufungia kwenye bunduki upo? Darubini hii ilifungwa kwenye Springfield M1903, na Kanada waliifunga kwenye Ross Mk III. Misingi hiyo haibadilishani, na darubini bila msingi ni nusu ya kitu.

MkaaHandaki

Msingi haupo, nashukuru umeniuliza kabla ya bei. Swali la mwisho: nivihifadhi wapi? Darubini kwenye mkoba wake wa ngozi? Na fremu ina vitundu vidogo vya wadudu.

MbaoKavu

Mkoba kaa nao mbali. Ngozi ya zamani inatoa asidi, na asidi ikikutana na shaba unapata ule utando wa kijani unaonata kama nta kwenye kila skrubu. Darubini iwe kwenye boksi la kadibodi isiyo na asidi, unyevu asilimia 45 hadi 55, mkoba kwenye boksi lake pembeni.

Vitundu: weka fremu juu ya karatasi nyeusi kwa wiki mbili. Unga mpya ukianguka, wadudu wapo hai. Ondoa vioo kwanza, ifunge kwenye mfuko wa plastiki uliotolewa hewa, friza ya nyuzi 20 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha iache masaa 24 kwenye mfuko uleule ipate joto la chumba kabla ya kufungua. Ukifungua ikiwa baridi, unyevu wa hewa unageuka matone ya maji juu ya mbao na skrubu zinaota kutu usiku mmoja. Kama kioo cha juu hakitoki bila kuhatarisha ufa, acha friza, tumia mfuko uliozibwa wenye vifyonza oksijeni kwa wiki tatu au zaidi.

FundiShabaha

Nyongeza kwa wanaokusanya vilengeo vya baadaye: vile vyenye alama zilizokuwa ziking'aa gizani visipitishwe kiholela. Rangi hiyo mara nyingi ni ya radiamu. Haing'ai tena kwa sababu unga wa kung'aa umechoka, ila radiamu yenyewe inapungua nusu baada ya miaka 1600. Pima kwa kipimo cha Geiger kabla ya kufungua, usikwangue, usipulize, na usihifadhi vingi kwenye kabati lisilo na hewa kwani vinatoa gesi ya radoni. Warner & Swasey yako haina alama hizo, lakini ukikuta mtu amepaka rangi ya kijani kwenye namba, ipime kwanza.

MkaaHandaki

Nimeelewa. Nitamwandikia muuzaji kuwa nachukua fremu kwa jina alilotaja MbaoKavu, mhuri na kikaratasi havihesabiwi, na darubini aibakize mpaka atafute msingi.

Nyuzi45

Mwambie pia kikaratasi asikibandue. Gundi yake itaondoka na mbao.